Zefania Msengi, Aliyeshuka Baiskeli kwa Kila Mzee

Wasifu wa marehemu, unasomwa na shemeji yake, Philipo Mkumbo. Misigiri, Jumamosi tarehe 9 Mei 1959.

Marehemu Zefania Msengi, tunayemlaza leo, alizaliwa hapa hapa Misigiri mwaka 1910, mtoto wa tatu wa mzee Msengi Kiula na mama Magdalena. Siku haikuandikwa popote. Mama yake alisema ilikuwa wiki ya kupura mtama, na kwamba mtoto alichelewa kutoka mpaka mkunga akaenda kwake kula na kurudi. Mjane wake, Elina, ambaye ndiye aliyetoa zaidi ya nusu ya habari hizi, ametaka hilo lisomwe kwa sababu linaeleza mengi.

Mwaka 1922 alianza shule ya misheni Kinampanda. Alibatizwa mwaka 1925 na kumaliza darasa la nne mwaka uliofuata. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wake alimsifu kwa jambo moja tu, nalo ni adabu. Wakati ule nani angejua adabu hiyo itatufikisha wapi.

Tarehe 1 Februari 1930 aliajiriwa kuwa tarishi wa baraza, kazi ya kupeleka barua na wito wa kesi. Kwa miaka kumi na sita aliifanya kwa miguu, na barua zilifika.

Tarehe 18 Agosti 1934 alifunga ndoa na Elina binti Mkumbo katika kanisa la Kinampanda. Ukoo wa Mkumbo ulimpokea kwa mikono miwili. Hakuwa mlevi, hakuwa na mkono mwepesi, na kila alipofika ukweni alisalimia nyumba nzima, nusura asalimie na kuku. Mungu aliwajalia watoto watatu: Marko, Esta na Dorika.

Mwaka 1942 Mzungu mmoja mpima ardhi alihama kambi yake upande wa Mtinko, akatupa nyuma ya banda baiskeli ya mbio ya kizamani. Usukani wake ulikunjwa chini kama pembe za kondoo dume. Breki haikuwa nayo. Pedali zake hazikujua kupumzika. Gurudumu likizunguka nazo zinazunguka, utake usitake. Zefania aliibeba begani siku mbili hadi nyumbani. Elina aliitazama, akamtazama na mumewe.

"Baba Marko, hiki umekiokota, au umetumwa ukakitupe?"

"Mama Marko, hii ni Ulaya tupu. Inataka kusuguliwa tu."

Ilisuguliwa miaka minne. Ilikuwa vita na vipuri havikupatikana, kwa hiyo aliisugua kwa mchanga na majivu. Spoku alizinyoosha moja moja juu ya jiwe la kusagia la Elina, na nyumba nzima ikala ugali wenye kutu. Kwa kukosa mafuta ya mashine aliipaka mafuta ya mkia wa kondoo, kuanzia mnyororo hadi kiti cha ngozi, akaiegemeza nje. Asubuhi kiti hakipo. Fisi alikuwa amekila chote, na baiskeli ameiburuta hadi shamba la jirani. Fundi viatu Antipasi alimshonea kiti kingine cha ngozi ya ng'ombe. Mtu mwingine angebadilisha mafuta. Zefania aliendelea na yale yale, ila baiskeli akaihamishia chumbani, na Elina amelala na harufu ya kondoo mpaka wiki iliyopita.

Mwaka 1946 akaanza kuipanda, na hapo ndipo tulipochoka. Kwetu mdogo hamsalimii mkubwa akiwa ameketi mahali pa juu kumzidi. Wenye baiskeli wengine walipunguza mwendo, wakavua kofia, wakapita. Zefania alishuka. Na kwa kuwa breki hakuna, alimpita mzee kwanza hatua thelathini akipigana na pedali, kisha akairudisha baiskeli kwa kuikokota: shikamoo, habari za ng'ombe, habari za mvua, watoto mmoja mmoja kwa majina. Ndipo apande tena, na mbele kidogo kuna mzee mwingine. Elina akitoka naye nyumbani kwenda Kinampanda, yeye kwa miguu na kikapu kichwani, alifika kwanza na kumsubiri.

Karani wa baraza, bwana Leonidas, alimwita siku moja. "Zefania, ulipokuwa unatembea, barua zilifika Jumatatu. Sasa una chombo, zinafika Jumatano. Hebu nieleze."

"Njiani kuna wazee, bwana karani."

Siku moja tu alivunja desturi yake. Machi 1948 Dorika, akiwa na miaka mitatu, alishikwa na degedege. Elina alipanda nyuma na mtoto mgongoni, safari ya Kiomboi, hospitali. Walipomwona mzee wa kwanza mbele yao, Elina akasema, "Ukishuka leo, Baba Marko, usirudi kupanda kitanda changu." Hakushuka. Walipita wazee watano, naye ameinamisha kichwa kama mwizi. Dorika alipona, na yupo hapa. Wiki iliyofuata, palizi imepamba moto, Zefania aliacha jembe na kutembea siku mbili kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuwaomba radhi wale watano. Elina alipalilia peke yake.

Januari mwaka huu kifua kilianza kumbana. Kufikia katikati ya Aprili hakuweza kupanda baiskeli, na vijana wa jirani walileta machela wampeleke Kiomboi. Alikataa.

"Nibebwe nimelala chali? Wazee nitawasalimiaje?"

Elina alimwambia watu wanajua kuwa ni mgonjwa. Alimwambia atatangulia yeye, amsalimie kila mtu kwa niaba yake. Alimpigia kelele, akamlilia, akamwita mchungaji. Zefania alijibu kila mara kwa upole ule ule: acha nipate nguvu kidogo, nikiweza kukaa nitakwenda. Machela ilisimama ukutani wiki mbili.

Alhamisi tarehe 30 Aprili alikosa nguvu za kubisha, wakambeba. Elina alitangulia, na kwa kila mzee alipiga goti, akasalimia kwa jina la mumewe. Walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyeulizia ng'ombe. Wote walisema, "Pita, mama, pita." Hospitali walihangaika naye usiku na mchana, lakini mapafu yalikuwa yamejaa maji. Alifariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 7 Mei 1959, Elina akiwa amemshika mkono.

Jana mzee Gaspari wa Kinampanda alikuja kuhani. Yeye ndiye aliyeshukiwa baiskeli kuliko wote, miaka kumi na mitatu. Akamwambia Elina, "Mwanangu, mimi nikimwona anashuka nilikuwa nasema moyoni, si apite tu, mimi naenda kula."

"Sasa baba, mbona hamkumwambia?"

"Angeona tunamfukuza."

Elina aliondoka barazani, akaenda kukaa peke yake jikoni. Ameagiza isomwe hapa mbele ya wote kwamba ana hasira na mumewe. Kwamba wiki mbili zilikuwa zinatosha. Kwamba alimpenda, na kama angefufuka sasa hivi angemgombeza kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Elina, watoto Marko, Esta na Dorika, mjukuu mmoja, na mama yake mzazi, Magdalena, ambaye hatukujua jinsi ya kumpa habari za msiba huu.

Zefania Msengi, pumzika kwa amani. Mkeo anasema atakutakia hivyo na yeye, ila si leo.