Mirija Iliyoonekana Mitupu

Baada ya miaka thelathini na minane katika maabara yetu hapa Kanazawa, Mzee Tokuji Hirabaru anastaafu tarehe 31 Machi. Nimeombwa niandike mimi, muosha vyombo, na hadi sasa sijaelewa kwa nini.

Kazi yake nimejaribu kuieleza nyumbani, nikajichanganya mwenyewe. Uvimbe wa saratani huwa na protini iliyobeba sukari. Mzee huikata vipande, huvipitisha kwenye bomba la kioo lililojaa chembe laini, navyo hudondoka kwa zamu, vikubwa kwanza, katika mirija mia moja. Kisha hutafuta kipande ambacho kingamwili bado inakitambua. Kwa nini kimoja kitambulike na mwenzake asijulikane? Nilimuuliza. "Hata mimi nashangaa tangu ujanani, Mama Chizuru," akanijibu.

Mwaka wangu wa kwanza, mashine ya mwanga inayopima protini ilionyesha mirija ishirini ya mwisho haina kitu. Nikaiosha, ikang'aa, nikajivunia. Kumbe kipande kilichotafutwa miezi minane kilikuwa humo! Kilikuwa na sukari tele na protini kiduchu, mwanga ukakipita bila kukiona.

"Nani kaosha?" alifoka Daktari Nomiyama, mkuu wetu. Chizuru alikuwa na miezi saba tu. Nilijua kibarua kimeota nyasi.

"Punguza moto, Daktari. Ni mimi niliyesahau kuiwekea alama isioshwe," Mzee akasema. Mpaka leo sijui kama alisahau kweli au alinikinga.

Akafungua friji. Kila mrija, hata mtupu, alikuwa ameuwekea akiba ya tone moja. Vijana walikuwa wakimtania, "Mzee anagandisha maji!" Siku hiyo hakuna aliyecheka. Matone yakapimwa sukari, la mrija wa themanini na sita likageuka manjano, dalili kwamba imo. Kwa kuwa sasa tulijua pa kutafuta, kazi ilirudiwa kwa wiki sita, kipande kikapatikana. Nami nikabaki kazini.

Juzi alinikabidhi kichanja chake cha mwisho cha mirija. "Ina kitu, au ni mitupu?"

Niliitazama yote, ikanichanganya. "Sijui, Mzee."

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Basi umeiva. Sasa naweza kwenda."

Asante, Mzee Hirabaru. Kapumzike, ukaushe matunda yako ya kaki, uzeeke taratibu. Mirija yako hatutaiosha mpaka ipimwe.