Virgil Amos Quarterman, Aliyetoka Mlangoni Akipuliza

Katika kanisa letu wasifu wa marehemu hausomwi kwa sauti. Kila mtu hushika karatasi yake, kinanda hupigwa taratibu, na watu husoma kimya kimya huku wakijipepea. Leo nimemwomba Mchungaji Lightner ruhusa niusome kwa mdomo wangu, kwa sababu karatasi mliyo nayo ilichapwa Alhamisi, na tangu Alhamisi mambo yamebadilika. Mimi ni Verdell, mtoto pekee wa marehemu. Wenye macho makali mmeshaona kwamba jina la mama yangu, Bi. Odessa, halimo. Ni yeye mwenyewe aliyekataa. Aliniambia, "Mimi usinitie humo. Mwanamume aliondoka bila kuniaga. Na mimi nipite bila kutajwa." Nilibishana naye siku mbili, maana sikutaka baba yangu azikwe kama mtu aliyekosa mke. Nilishindwa, karatasi ikaenda kuchapwa.

Marehemu Virgil Amos Quarterman alizaliwa tarehe 3 Machi 1919 mjini Rocky Mount, North Carolina, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Amos Quarterman, mpakiaji wa tumbaku, na Bi. Luvenia. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alianza kutembea akiwa na miezi minane, na siku hiyohiyo alikutwa kwa jirani. Familia ilihamia hapa Baltimore mwaka 1926, ikapanga nyumba nne tofauti kabla marehemu hajafikisha miaka kumi na miwili. Shangazi Ruthenia, dada yake, anasema katika hizo nne ni yeye peke yake aliyekuwa akifurahia kuhama.

Shule alisoma hapahapa, na klarineti alifundishwa na marehemu Mwalimu Hortense Gaither, ambaye baadhi yenu bado mnamwogopa. Siku ya kwanza Mwalimu alimwambia, "Quarterman, keti."

"Nikiketi siisikii, Mwalimu."

"Basi simama. Lakini simama mahali pamoja."

"Hapo ndipo penye ugumu."

Alimweka dirishani miaka mitatu. Alipopata saksafoni ya mjomba wake mwaka 1935, klarineti aliiacha juu ya meza ya Mwalimu bila maelezo, na mwaka uliofuata, mwezi mmoja kabla ya kumaliza shule, akaiacha na shule. Alikuwa ameitwa na bendi iliyokuwa ikielekea Richmond.

Kati ya mwaka 1936 na 1949 marehemu alipiga saksafoni katika bendi tisa. Hakufukuzwa hata moja, wala hakugombana na mtu. Alikuwa anasikia wimbo unakotaka kwenda, na wenzake walipokawia kufika, alikuwa ameshachoka kuwangoja. Kiongozi wa bendi kubwa kuliko zote alizopigia, Bwana Pershing Dade, aliachwa Cincinnati wakati wa chakula cha mchana, sahani ya marehemu ikiwa bado imejaa. Bwana Dade alipenda kusema, "Quarterman ndiye mtu pekee niliyemfukuza kazi akiwa ameshafika mji mwingine." Wakati wa vita alifanya kazi katika kiwanda cha chuma huko Sparrows Point, na huko nako waliomjua wanasema alibadilishwa zamu na sehemu mara nyingi kwa ombi lake mwenyewe.

Tarehe 8 Juni 1941, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Bi. Odessa Crump, mshonaji wa kofia. Mzee Cleophus Banks, mpiga dramu, ambaye leo amekaa pale karibu na nguzo, ndiye aliyemsimamia. Anasema bwana harusi alizunguka madhabahu mara mbili kabla bibi harusi hajaingia, na Mama alipofika akamshika mkono wa koti na hakuuachia mpaka nje. Nilizaliwa tarehe 14 Mei 1942. Tulikaa McMechen Street, nyumba yenye ngazi nyeupe, na Mama alikuwa akizisugua kila Jumamosi, baba awepo asiwepo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu hapa analijua nusu nusu. Baada ya vita marehemu alipata kazi ya kudumu katika baa ya Bwana Chatman, Pennsylvania Avenue. Wakati ule wateja walitaka mpiga saksafoni apande juu ya kaunta na kutembea akipuliza, kati ya glasi na mikono ya watu, abiringike, apige magoti. Marehemu aliichukia kazi hiyo kwa moyo wake wote. Kichwani alikuwa na muziki mwingine kabisa, wa kusikilizwa na watu waliokaa kimya. Bwana Chatman alikuwa akimwambia, "Virgil, watu hawaji kukuona umesimama. Tembea." Akawa anatembea. Na kwa kuwa hakujua kufanya kitu nusu, akashuka upande wa pili wa kaunta, akatoka mlangoni, akazunguka mtaa mzima akipuliza, umati ukimfuata. Ndani bendi ilikuwa na sheria moja: mwenye saksafoni akitoka, wengine hawakomi. Wanarudia fungu lilelile la wimbo mpaka arudi, kisha wanamaliza pamoja. Ilichukua dakika kumi, na watu walikuja kutoka Washington kuiona.

Jumamosi tarehe 24 Septemba 1949, saa kumi alasiri, alitoka kama kawaida. Mama alikuwa kwenye ngazi na ndoo yake, mimi nikiwa karibu naye. Tukamsikia kabla ya kumwona. Akapita mbele ya nyumba yetu, watu hamsini nyuma yake, akamwinamia Mama kidogo huku anapuliza. Mama hakuinuka. Alimwambia tu, "Usichelewe, leo tunakula kaa." Hakujibu, kwa sababu saksafoni ilikuwa mdomoni. Alipofika kwenye kona, mahali ambapo siku zote alikuwa akikata kushoto kurudi kwa Chatman, hakukata. Alinyoosha. Watu wakapungua mmoja mmoja, na waliofika naye kituo cha treni walikuwa wawili. Mmoja wao alishuhudia kwamba alinunua tikiti kwa ishara za vidole, akapanda bila koti wala mkoba, na alikuwa bado anapuliza treni ilipoondoka.

Ndani ya baa bendi iliendelea. Nilimuuliza Mzee Cleophus juzi kwa nini hawakuacha.

"Binti yangu, sheria ni sheria. Tulipiga saa moja na dakika arobaini. Mpiga besi vidole vilitoka damu. Chatman anapiga kelele tuache, mimi namwambia, mwenye wimbo hajarudi, nani ataumaliza?"

"Mlimkasirikia?"

"Mimi nilikasirika miaka miwili. Halafu nikakutana naye Chicago, nikamuuliza, wewe, ulituachaje vile? Akasema, 'Chatman aliniambia nitembee. Nikatembea.' Nikacheka mpaka nikamsamehe. Lakini mimi sikuwa nimeolewa naye."

Marehemu alipiga Chicago, Kansas City, Los Angeles, Oakland, na misimu mitatu ya baridi Montreal. Machi 1953 alirekodi nyimbo nne Los Angeles kwa kampuni ndogo ambayo sasa haipo. Ninayo sahani hiyo ya santuri. Wimbo wa mwisho unakatika yeye akiwa katikati, kwa sababu dakika tatu zilikuwa zimekwisha naye hakuwa amekwisha. Wajuzi wamenieleza kwamba pale ndipo alipoanza kufika alikokuwa anakwenda. Mimi sikuwa na raha ya kusikiliza ujuzi. Ilipotufikia nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikawa nasikiliza kama atapumua, nijue yu hai. Alituma kadi za posta, picha za mahoteli na madaraja, zikiwa na maneno mawili matatu na bila anwani ya kumjibu. Nasema haya mbele ya jeneza lake, na sioni aibu: nilimchukia kwa muda mrefu.

Alirudi Aprili 1971, akaketi kwenye ngazi zilezile bila kubisha. Mama alitoka na ufagio. Akamtazama, akasema, "Unanizuia kufagia." Baba akasogea. Mama akafagia pembeni mwake, akamzunguka, akaingia ndani, na akaacha mlango wazi. Alimpa chumba cha nyuma. Walikuwa wakila meza moja, na sikuwahi kumsikia Mama akimwita "mume wangu". Alimwita "yule bwana". Yule bwana anataka chumvi. Yule bwana yuko dirishani tena.

Ugonjwa wake ulikuwa kisukari. Januari 1973 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na kwa mtu kama yeye sijui adhabu iliyo kubwa zaidi. Alizungusha kile kiti cha magurudumu jikoni mpaka sakafu ikachimbika. Mama akaanza kumtoa nje kila alasiri, akimsukuma McMechen yote kwenda na kurudi, mvua au jua. Nilimwambia, "Mama, una miaka hamsini na mitano, utaumia mgongo." Akanijibu, "Akikaa ananung'unika. Namsukuma nipate masikio yangu." Hivyo ndivyo walivyoishi karibu miaka miwili, barabarani, wakibishana kuhusu mwendo.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 12 Novemba 1974, alasiri. Mama alimrudisha nyumbani kwenye kiti, akanipigia simu kazini, akasema, "Yule bwana amefariki," basi. Hakuongeza kitu siku tatu. Jana, Ijumaa, alikaa jikoni na miwani yake, akaisoma karatasi hii yote, akanisahihisha tarehe mbili. Kisha akaisukuma katikati ya meza.

"Hujaandika kilichotokea Jumanne."

"Hukuniambia kilichotokea Jumanne, Mama."

Akanieleza akiangalia dirishani. Walikuwa wamefika kwenye kona ileile, pale pa kukata kushoto, baba akainua mkono. Akasema, "Dess, simama." Mama alidhani gurudumu limekwama, kwa sababu hajawahi kuombwa asimame. Akazunguka mbele yake, akamkuta anamtazama yeye, hatazami barabara.

"Dess, mimi naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi, na mguu mmoja?"

Akacheka sana, mpaka Mama naye akacheka. Baba akamshika Mama mkono wa koti. Akasema, "Nimekuja kukuambia kabla. Naondoka." Mama akamwambia, "Haya, nenda basi." Wakakaa hivyo pale kwenye kona, watu wakipita, mpaka mkono wa baba ukalegea.

Alipomaliza kunieleza alivua miwani akaifuta kwa aproni, ingawa haikuwa chafu. Nililia mimi kwa niaba ya wote wawili. Halafu akasema, "Chukua kalamu. Na ukaisome kwa sauti, maana hawa wa kusoma kimya wataruka mstari."

Mungu amlaze mahali pema, na amsaidie kutulia huko. Ameacha dada yake, Bi. Ruthenia Quarterman Sills. Binti yake Verdell na mkwe wake Wendell Oakes. Wajukuu wawili, Tamar na Josiah. Na rafiki yake wa miaka thelathini na tisa, Mzee Cleophus Banks. Na ameacha mjane, Bi. Odessa Crump Quarterman, ambaye ameniagiza niseme wazi kwamba huu ni ujane wake wa pili kwa mwanamume yuleyule, na kwamba safari hii aliagwa.