Injini Iliyozama, Namba Ikabaki Mwaloni

Ndugu zangu wa kikundi, mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza kwa kubeba ndoo za samaki kichwani, darasa la tatu sikulimaliza. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa hapa Mwanza nilikuwa na boti tatu, injini tatu, zote na bima. Nani mwingine humu alikuwa na bima? Nyamazeni basi.

Mnajua tunavyofanya mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki. Injini ya boti hii ikisumbua, unafunga ya boti ile, kazi inaendelea. Karani mzee wa bima alijua. Akinikuta anauliza, "Safari hii ipi iko wapi?" Anasahihisha kwa kalamu.

Ikaja barua ya bima. Mke wangu akanisomea: "Wanataka namba za injini upya, na boti ya kila moja. Wanaingiza kwenye kompyuta."

"Kompyuta imevua sangara wangapi? Weka huko."

"Baba watoto, kama hujui kusoma, basi msikilize anayejua."

Nawaambia, lilinichoma. Barua nikaitupa juu ya kabati.

Dhoruba ikazamisha boti ya pili. Watu wangu waliokolewa, injini ikaenda chini. Nikadai fidia. Akaja binti mkaguzi wa bima na karatasi ndefu ya kompyuta, akawa anakagua namba za injini zilizobaki, akasimama kwenye boti ya tatu.

"Shikamoo mzee. Kwa karatasi hii, injini ya boti ya pili, unayosema imezama, ni hii hapa."

"Marahaba. Tulizibadilisha!"

"Imeandikwa wapi?"

Mmoja wenu, na yuko humu, akapaza sauti: "Tajiri, kumbe tapeli!" Mwalo mzima ukacheka. Mimi, ambaye sijala senti ya mtu!

Siku hiyo nilirudi nyumbani Mkolani nikamwambia mke wangu, "Nifundishe." Ilichukua miezi. Kisha nikapeleka bima orodha ya injini zangu, mwandiko wangu mwenyewe, pamoja na risiti za dukani. Jina langu wakalisafisha kwenye kompyuta yao. Fidia hawakulipa, kwa kuwa barua sikuijibu kwa wakati.

Namshukuru mama watoto. Nakishukuru kikundi hiki kwa kuniazima injini, ingawa wengine mlikuja kunipa pole huku mnachungulia kama redio yangu bado ipo au nimeshaiuza. Niliwaona.

Kompyuta haikujui kwa sura. Haijali Mwanza nzima inakuitaje. Inajua ulichoipelekea, na usipopeleka, itakuhukumu kwa habari za zamani. Barua ikija, isome. Huwezi? Kubali kusomewa.

Mama huko nyuma unauliza hasara. Nimeiandika kwa mkono wangu, isome mwenyewe: shilingi milioni mbili, laki tatu, elfu arobaini na mia sita.