Methali Haichorwi Mpaka Ijaribiwe

Leo, Ijumaa tarehe 28 Septemba 1962, Bi Thirza Endacott anaweka chini kijiti chake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minane ya kuchora methali kwenye vyombo vya kiwanda chetu. Mimi Gladys Hannaford, wa chumba cha kufungasha, nimepewa heshima ya kumwandikia wasifu. Niliumaliza Jumatatu, ukawa mzuri kwelikweli. Jumanne ukaharibika wote, na wa kulaumiwa ni watu wawili waliokaa humu humu ukumbini.

Bi Thirza aliajiriwa mwaka 1924, msichana wa miaka ishirini na miwili, kazi yake kubeba udongo. Mwaka huohuo mchoraji wa wakati ule alipougua macho, yeye akashika kile kijiti chenye ncha ya msumari na kuchora kwenye jagi bichi, lisilochomwa bado: "Mshono mmoja wa mapema huokoa tisa." Mwandiko ulinyooka hata bosi akadhani umepigwa chapa. Kuanzia siku hiyo hakuna birika, sahani wala kibakuli cha siagi kilichotoka hapa na maneno ya mkono mwingine.

Lakini jamani, alikuwa na masharti. Hachori methali mpaka aijaribu. Watu wa London waliokuja likizo walipoagiza "Chungu kinachokodolewa macho hakichemki", alibandika birika motoni mbele yetu sote, akavuta kiti, akalikodolea macho. Likachemka kama kawaida yake. Tulicheka mpaka tukasahau kunywa hiyo chai. Hata hivyo aliichora, na tangu hapo kila mteja aliyemuuliza maana yake alijibiwa bila kupepesa macho: "Chungu hakina neno, mama. Anayeungua ni yule anayekisubiri."

Kasisi mmoja aliagiza birika lenye maneno "Usafi ni jirani wa utakatifu". Bi Thirza akaenda kumsalimia, akachungulia jikoni kwake, akarudi na kumchorea "Penye nia pana njia". Na Bwana Pascoe, meneja wetu, alipotutangazia oda kubwa ya duka la London kabla haijatiwa saini, alikuta sahani mezani kwake: "Usihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa." Oda haikuja. Sahani anayo mpaka leo, anawekea biskuti.

Methali aliyoipenda kuliko zote ni "Aoaye kwa pupa hujuta taratibu". Watalii nao waliigombania, wakiwanunulia shemeji zao. Ajabu ni kwamba vyombo vyenye methali hiyo vilikuwa vikitoka tanurini vina nyufa. Vya "Ndege wa alfajiri ndiye apataye mnyoo" vizima, vya "Jiwe linalobiringika halioti kuvu" vizima, hivyo vya kuoa tu ndivyo vinavyopasuka. Bwana Pascoe alibadilisha udongo, akabadilisha makaa, akaita mtaalamu kutoka mbali. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba fundi tanuri wetu, Bwana Wilfred Luscombe, alikuwa akivipanga makusudi pale moto unapolamba zaidi.

Maana Wilfred anampenda Bi Thirza. Anampenda tangu aliporudi kutoka vitani, na kiwanda kizima kinajua, hata paka wa stoo anajua. Asiyejua alikuwa Bi Thirza peke yake. Na si kwamba Wilfred alikaa kimya. Kila asubuhi alimwambia, "Umeamkaje, mpenzi?" Shida ni kwamba hapa Devon kila mtu ni mpenzi. Dereva wa basi anakuita mpenzi, muuza samaki anakuita mpenzi, na polisi akikukamata na baiskeli isiyo na taa, wewe ni mpenzi vilevile. Maneno ya maskini Wilfred yakawa yanaingia sikio hili na kutokea lile. Akijaribu kusogea zaidi kidogo, Bi Thirza humkatiza kwa methali kwamba maneno matamu hayapaki mboga siagi, kisha humtuma makaa.

Mwezi uliopita Bi Thirza akatangaza kwamba akistaafu anahamia Bristol kwa dada yake. Tiketi ya treni ya kesho akaikata kabisa. Hapo tukamzonga Wilfred wakati wa chai. Nora wa chumba cha rangi ndiye aliyemsuta zaidi. "Wewe mwanamume gani, miaka yote hii unakohoakohoa tu?"

"Nitamwambia," Wilfred akasema.

"Lini, babu? Treni ikishafika Bristol?"

Jumanne, Bi Thirza alipokwenda kula, Wilfred aliingia chumba cha kuchorea, akachukua jagi bichi na kuchora kwa mwandiko wa kuku: "Usiende Bristol." Akaliacha mezani pa mwenyewe, akakimbilia kwenye makaa yake.

Bi Thirza akarudi, akasoma. Sisi tulikuwa tumebanana dirishani tukijifanya tunafuta vioo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Kisha akashika kijiti, akachora kitu upande wa pili ambao hatukuuona. Akalibeba jagi mwenyewe hadi tanurini, akalisukuma nyuma kabisa, akapanga vyombo vingine mbele yake mpaka mlangoni, halafu akamwita Wilfred awashe.

Sasa, tanuri likiwashwa haliguswi mpaka lipoe. Ukilifungua mapema, baridi inaingia na kila kilichomo kinapasuka. Basi tukasubiri, roho mkononi. Wilfred hakula. Alilisha moto makaa kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Jumatano uvumilivu ukamwishia, akamuuliza Bi Thirza amejibu nini. "Utaona likipoa," akaambiwa. Mimi nami nilikuwa na wasifu mkononi, sijui nimuage mtu au nimpongeze.

Leo asubuhi limefunguliwa. Wilfred aliingia peke yake, akatoka na jagi kifuani. Alilisoma, akaketi chini kwenye majivu na suruali yake ya sherehe, akalia mbele yetu bila haya. Kisha akanipa mimi niwasomee wenzangu. Bi Thirza alikuwa amechora hivi: "Siendi. Jumapili hii ndoa yetu itangazwe kanisani, na usinicheleweshe tena."

Katika miaka thelathini na minane amechora maneno ya wahenga kwenye maelfu ya vyombo, na vipo kwenye makabati ya nchi nzima. Hayo ya Jumanne ndiyo ya kwanza yaliyotoka moyoni mwake mwenyewe.

Bi Thirza, asante kwa kazi yako, kwa ukali wako, na kwa kutuchekesha. Tutakukosa sana pale mezani pako. Dada yako wa Bristol ameshapigiwa simu, na anasema anakuja yeye huku, na keki anayo. Wewe na Wilfred tunawatakia maisha mema, marefu, yenye chai ya moto kila asubuhi.