Risala ya Wazazi wa Mapacha wa Kondo Moja Siku ya Kufunguliwa Chumba cha Leza

Mgeni rasmi, mganga mkuu wetu, wauguzi na wazazi wenzetu,

Karibu sana. Hizo kelele unazozisikia nyuma ya ukumbi, zivumilie. Hao ndio mafanikio yetu, na wamekataa kukaa.

HISTORIA YETU

Sisi ni wazazi ambao mapacha wetu walichangia kondo moja la nyuma. Mishipa ndani ya kondo hilo iliungana vibaya, damu ya pacha mmoja ikawa inamwendea mwenzake. Anayetoa hudumaa na maji yanayomzunguka tumboni hukauka. Anayepokea hufurika maji mpaka moyo wake unalemewa. Wasipotibiwa, mara nyingi huondoka wote wawili.

Nasi, kwa ujinga wetu, tulikuwa tukishangilia. Tumbo likivimba ghafla, mawifi wanapiga vigelegele: "Wanakua hao!" Kumbe ni maji. Aliyetuzindua ni fundi cherehani, ambaye sasa ni katibu wetu. Alimwambia mteja wake, "Shoga, gauni hili nilikupima Jumatatu. Leo Alhamisi zipu haipandi. Mimi sijakosea kupima, twende hospitali." Wakaenda. Tangu hapo, kila Jumamosi tunawapima wajawazito wetu kwa futi kamba, na anayeongezeka haraka tunamsindikiza siku hiyohiyo kwenye ultrasaundi. Asiyeongezeka naye hatumwachi. Kila wiki mbili lazima apigwe picha. Madaktari walitucheka wiki mbili za mwanzo. Wiki ya tatu wakanunua futi yao.

MAFANIKIO

Wenzetu kumi na mmoja walipelekwa hospitali ya mbali, mishipa hiyo ikaunguzwa kwa mwali wa leza, damu ikaacha kuvuka. Sita walirudi na watoto wote wawili. Watatu walirudi na mmoja. Wawili walirudi mikono mitupu; wako hapa safu ya mbele, na ndio wapimaji wetu wakali kuliko wote. Watoto kumi na watano, mgeni rasmi! Mmoja alizaliwa hajafika hata kilo moja, na jana kamtoa jasho pacha wake mnene kwa mieleka. Tunajivunia, wala hatuoni haya.

CHANGAMOTO

Safari ile ni ya siku mbili, na ugonjwa huu hauna subira. Leza yetu imefika, imefungwa, imejaribiwa, na daktari wetu amefuzu. Ina wiki tatu inangoja utepe ukatwe.

OMBI

Ratiba bado ina hotuba nne na picha ya pamoja. Tunaomba zote zingoje. Wodi ya pili yuko mwenzetu, mwalimu wa chekechea, mimba ya wiki ishirini. Picha ya asubuhi imeonyesha pacha mdogo amebaki bila maji kabisa. Alipoambiwa asubiri sherehe iishe, alisema, "Mwambieni mgeni wanangu hawajui ratiba." Ameshaandaliwa. Kiti cha daktari unakiona kitupu, ameshanawa mikono.

Mungu akupe umri mrefu, na akulipe kwa kila mtoto atakayepona nyuma ya mlango huo wenye utepe. Tafadhali, usitujibu risala hii sasa. Kata kwanza.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Mapacha wa Kondo Moja