Luka Alipuliza Nini?

Siku hiyo kijiwe chetu cha Area D, hapa Dodoma, kilikuwa hakikaliki. Upepo unamwaga vumbi kwenye vikombe vya kahawa, na sisi kila mara shingo barabarani. Emilia alikuwa kwenye basi, anatoka Kondoa alikoolewa. Baba yake, marehemu Luka, alikuwa mpulizaji katika bendi ya Mzee Sila wa Msalato, akafariki binti angali anabebwa mgongoni. Hajawahi kumsikia. Kanda ya bendi ile tunayo sisi, kwenye redio ya Iddy, fundi tunayemwita Betri. Tukamwahidi kwenye simu kwamba tutamwonyesha baba yake humo ndani. Kuahidi tumeahidi, ila Luka alipuliza chombo gani, hakuna anayejua!

— Luka ni tarumbeta, Betri akasema. Sikia hapo inapopanda. Huyo ana mtoto mchanga nyumbani, hajalala, ana hasira.

— Acha ujuha, akajibu Thobias, mstaafu wa wizarani, jina la kijiweni Protokali. Luka ni klarineti. Anangoja wenzake wamalize ndipo anaingia. Mtumishi kabisa huyo.

Mimi nikashindwa kuvumilia.

— Masikio mmeyaacha nyumbani? Luka ni lile besi kubwa la kupuliza kule chini. Litoe uone, bendi nzima inaporomoka.

— Ninyi mnasikiliza wanaopuliza tu, Protokali akapandisha sauti. Kabla ya kiitikio, klarineti haijaingia, kuna mtu anavuta pumzi. Huyo ndiye Luka! Pumzi ya Mgogo naijua mimi!

— Wewe wa Bukoba? nikamuuliza.

— Jamani, akaingilia Penina, muuza kahawa wetu. Mtoto wa watu anakuja kumtafuta baba yake, mnataka kumpa pumzi? Hebu rudisheni mwanzo.

— Mwanzo ndio huo, Betri akasema. Zamani kulikuwa na mzee anaongea Kigogo, anaongea weee, na watu wanapuliza pi-pi, wanajaribu vyombo. Kanda ikawa inajikunja hapo hapo. Nikakata.

Siku aliyokata tulimpigia makofi. Sisi tulikuja Dodoma kufuata ofisi, Kigogo chetu kinaishia kwenye salamu.

— Na kipande ulikipeleka wapi? Penina akauliza.

— Kiko shambani kwangu Msalato. Nimekifunga kwenye mizabibu. Upepo ukipita kinalia, ndege wanatimua mbio.

Tukacheka sana, hata Protokali. Bajaji ikasimama. Akashuka mama wa makamo, kitenge kimejaa vumbi la safari, akatusalimu kwa Kigogo kwanza.

— Mbukwenyi. Shikamooni, baba zangu. Mimi ndiye Emilia.

— Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa.

Penina akampa kahawa. Hakuinywa. Betri akabonyeza redio, na bendi ikaanza: tarumbeta juu, klarineti zinafuata, besi linatembea taratibu kule chini. Tumeusikia wimbo ule miaka na miaka, lakini yule mama alikuwa anausikia mara ya kwanza. Alifumba macho, machozi yakamtoka.

— Ni yupi?

— Tarumbeta!

— Klarineti, mwanangu!

— Besi! nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanitia aibu.

Emilia akatabasamu.

— Msigombane, wazee wangu. Wekeni mwanzo tu. Mama aliniambia Mzee Sila anawataja wote kwa Kigogo, mmoja mmoja, na kila anayetajwa anapuliza kidogo peke yake. Mimi Kigogo ndicho nilichonyonya. Nikisikia tu jina la Luka, inatosha.

Betri akazima redio. Penina akajifunika mdomo kwa khanga.

— Mbona mmezima?

Masikio yaliniwaka. Betri akainuka, ndala moja mguuni, nyingine chini ya benchi, akakimbilia bajaji ile ile, iliyokuwa bado inangoja abiria.

— Msalato! Washa twende!

Emilia akamtazama mpaka bajaji ikapotea kwenye vumbi. Kisha akatugeukia.

— Anafuata nini huko?

Protokali akainama, akaiokota ndala ya Betri, akaishika kwa mikono miwili. Upepo ulikuwa unazidi.