Bi Mwanamina na Airisi Zilizokubali Kibiti

Baada ya miaka ishirini na saba ya kutunza bustani za chuo chetu hapa Kibiti, Bi Mwanamina Mshamu anastaafu tarehe 30 Juni 1997. Alianza mwaka 1970 kama kibarua wa kufyeka majani. Anaondoka akiwa msimamizi wa bustani, na hakuna anayethubutu kukatiza kwenye matuta yake, hata Mkuu wa Chuo.

Mwaka 1993, maduka ya Dar es Salaam yalipojaa bidhaa za nje, Mkuu wetu, Mwalimu Joachim, alinunua airisi yenye ndevu, ua la kifahari kutoka Ulaya. Bi Mwanamina aliishika mizizi yake, akainusa.

"Mwalimu, hili ni ua la baridi. Masika yetu yataliozesha."

Hakusikilizwa. Masika yakaja, mizizi ikawa uji, lawama zikamwangukia yeye. Ilipotoka orodha ya kupunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwa la tatu. Mimi, karani, ndiye niliyeipiga chapa.

Aliingia ofisini na jembe lake. Hakulia. "Nipeni mpaka masika yajayo," aliomba, "na safari hii nichague mwenyewe."

Akakubaliwa. Alikwenda Dar, akawasumbua wauza miche siku mbili nzima: ua lipi linastahimili joto, lipi halichukii kivuli? Akarudi na aina mbili. Airisi nyeupe ya Afrika aliipanda kwenye mchanga mbele ya mabweni, ambako maji hayasimami. Airisi itembeayo, ambayo shina lake huinama na kuotesha mche mpya ardhini, aliipa kivuli chenye unyevu nyuma ya jiko.

Masika ya 1994 yalinyesha bila huruma. Airisi zikazidi kunawiri! Wakaguzi wa vyuo kutoka wizarani walipangiwa kuja alasiri, lakini Bi Mwanamina akakataa katakata. "Waje saa mbili asubuhi, Mwalimu. Maua haya hufunguka asubuhi; jioni yamekwisha kunyauka."

Walikuja saa mbili, wakakuta bustani nzima imefunguka. Mwalimu Joachim alimshika mkono mbele ya wageni wote. "Bi Mwanamina, nilikosea mimi." Siku hiyohiyo jina lake likafutwa kwenye orodha, na chuo kizima kikapiga vigelegele.

Leo miche yake imefika vijiji vya Mtawanya, Mbwara hadi Ngarambe, na kila aliyeomba mche aliulizwa kwanza: kwako kuna kivuli au jua?

Bi Mwanamina, umetufundisha kuutazama udongo wetu kabla ya kutamani vya wengine. Tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akupe afya na mapumziko matamu nyumbani kwako Mtawanya.

Donati, Karani wa Chuo